Hatuombei Jambo Lisilotajwa

Mke wangu alifariki kwenye mteremko wa kutoka Ibaba, mchana, jua likiwaka, ndani ya gari jipya ambalo mimi mwenyewe nililiombea. Nayaandika haya kwa sababu wajukuu wameanza kuuliza. Tena yapo maneno yaliyosemwa juu ya mwanangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha, na sitaki maneno hayo yabaki kuwa ya mwisho.

Gari lenyewe lilikuwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo chenye kichwa kifupi. Huku kwetu Mbozi vigari hivyo hubeba kila kitu: mahindi, parachichi, mbolea, wanakwaya, hata jeneza. Mwanangu huyo, kitinda mimba wetu, alikuwa amechoka kuendesha magari ya watu. Kampuni moja ilikuwa imefungua yadi Tunduma, kando ya barabara kuu, ikiuza vigari vipya kabisa, siyo vile vinavyotufikia vikiwa vimekwisha kuchoshwa na watu wa ng'ambo. Akauza shamba dogo nililompa, akaongezea alichokuwa nacho, akanunua.

Yadi ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya kukabidhi gari, meneja humwalika mzee wa kanisa au shehe, kulingana na imani ya mnunuzi, gari likaombewa mbele ya watu, picha zikapigwa. Watu wa huku hatuendeshi gari jipya kabla halijaombewa, na kampuni ililijua hilo. Kwa mwanangu niliitwa mimi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa letu. Niliweka mkono juu ya boneti, nikamshukuru Mungu kwa kazi ya mikono ya watu waliolitengeneza, nikaomba awalinde watakaopanda. Vijana wa bodaboda walisimama getini wakitazama, na mmoja akapaza sauti, "Mzee, mwombee na huyu mwenzangu, pikipiki yake inakunywa mafuta kuliko baba yake anavyokunywa pombe!" Watu wakacheka, nami nikacheka.

Mke wangu alikuwa Mndali wa Ibaba, mtu wa milimani, na tangu nimwoe hakuacha kunitania kwamba sisi Wanyiha tumelelewa kwenye tambarare hivyo hatujui kupanda wala kushuka. Siku ile, tukirudi nyumbani tumebanana watatu mbele, aliniambia, "Leo umeomba ndefu kuliko siku ya ndoa yetu."

"Siku ya ndoa sikuomba mimi, aliomba mchungaji."

"Ndiyo maana ndoa imedumu," akasema, na mwanetu akacheka hadi akapunguza mwendo.

Wiki chache baadaye mwanangu aliniambia kwamba pedali ya breki inazama. Siyo kila siku. Mara nyingine anakanyaga inashika, mara nyingine inashuka kama mguu umeingia kwenye matope. Nikamwambia alirudishe walikomuuzia. Alilipeleka Tunduma, akashinda huko, jioni akarudi na uso wa mtu aliyeaibishwa kidogo. Meneja alikuwa amempokea vizuri, fundi akaongeza mafuta ya breki, kisha meneja akamshika bega na kumwambia, "Kaka, umezoea magari makuukuu yenye breki ngumu. Gari jipya breki zake laini. Utazoea tu."

Mwanangu akazoea. Ni mtu wa kusikia anachoambiwa, hivyo ndivyo tulivyomlea.

Safari ya Ibaba ilikuwa ya furaha. Binti wa dada yake mke wangu alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, na mke wangu alitaka kufika na unga, maharage na kuku wake mwenyewe, asije akasemwa kwamba ameolewa mbali akasahau kwao. Mimi nilibaki nyumbani kwa ajili ya kahawa iliyokuwa imeanikwa kwenye vichanja, maana mawingu ya msimu ule hayakuwa ya kuaminika. Walikwenda salama. Wakati wa kurudi ndipo shemeji yangu aliponipigia simu. Alianza kwa kuniuliza kama nimekaa. Nikajua.

Mwanangu alinisimulia mara moja tu. Walikuwa wanateremka polepole, kwa gia ndogo, mama yake akimsimulia nani alicheza na nani alinuna. Akakanyaga breki kabla ya kona, pedali ikashuka hadi chini wala isirudi. Akavuta breki ya mkono, gari likapungua kidogo tu. Kulia kwao kulikuwa na korongo, kushoto ukingo wa mlima uliokatwa. Yeye, kama madereva wetu wote, alikuwa amekaa kulia. Akageuza usukani kushoto. Ukingo ulilisimamisha gari, na upande ule wa kushoto ndipo alipokuwa amekaa mama yake.

"Baba, mimi ndiye niliyegeuza," aliniambia. "Nilichagua upande."

Nilimwambia kwamba kama angegeuza kulia ningezika wawili. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

Kijiji nacho kilikuwa na hesabu yake. Huku kwetu tumezika watu wengi wa barabarani, na sikio la watu limechoka na sababu za madereva. Nilimsikia mama mmoja jikoni kwenye msiba, asiyejua kwamba nimepita nyuma ya ukuta, akisema, "Lini umesikia dereva aliyeua akasema breki zilishika?" Mwenzake akaguna. Gari lilivutwa hadi kituo cha polisi, likakaguliwa. Paipu ya mafuta ya breki ilionekana imekatika, lakini waliolikagua wakasema huenda ilikatika wakati wa kugonga. Kwa hiyo ikabaki kwamba ni mwendo kasi.

Siku ya mazishi, katibu wa kanisa alinijia na karatasi ya historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya kushusha jeneza. Alikuwa ameandika yote: kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto, huduma yake katika umoja wa akina mama. Mwisho palikuwa wazi. "Mzee, hapa tuseme nini? Wengine wanataka tuseme mwendo, iwe fundisho kwa vijana."

Nikamwambia, "Sema alifariki kwa ajali ya gari. Usiongeze hata neno moja."

Alisoma hivyo, lakini watu waliliongezea neno lile vichwani mwao, na macho yao yakaenda kwa mwanangu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mibuni, mkono wake umefungwa bandeji. Ulipofika wakati wa watoto kutia udongo, hakuja. Kaka zake walimtazama. Hakuja.

Meneja wa yadi alikuja msibani. Alileta mchele na mafuta ya kupikia ya kampuni, akakaa kwenye benchi na wanaume, akaonekana mwenye huzuni ya kweli. Alipopewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi alisema tunayosema wote katika misiba yetu, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia. Mimi nimeyasema maneno hayo kwenye makaburi mengi, na nitayasema tena, kwa kuwa nayaamini. Lakini siku ile yalinikwama. Niliwaza kwamba Mungu hakutengeneza kile kigari. Kazi Yake haina makosa, ila ya kwetu inayo, na si haki kuifunika kazi yetu kwa jina Lake.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Nilimshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa na mwanamke yule, na ninaendelea kumshukuru, hata kama shukrani nyingine hutoka huku sauti inakatika. Mwanangu alihamia chumba cha nje. Alilima, alipalilia, alichuma kahawa, lakini hakushika usukani wala hakupanda gari. Kanisani alikaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka ili asisalimiwe. Kula alikula kama anayetumikia adhabu. Nilihofia kwamba nitampoteza na yeye, polepole, mbele ya macho yangu.

Kisha gari jingine la yadi ile lilikosa breki karibu na soko la Vwawa. Likaingia kwenye magunia ya mahindi, likasimama, hakuna aliyeumia. Dereva alisema alichosema mwanangu: pedali ilizama. Lakini watu hawakusema breki wala kampuni. Walisema yadi ina mkosi. Wakasema mwenye yadi amefukia kitu getini ili atajirike kwa damu. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa huku, nalisema kwa upendo: tukiona jambo baya limetokea mara ya pili, tunamtafuta mchawi, na aliyelijua jambo hilo anapita katikati yetu bila kuulizwa.

Wanunuzi wakakauka. Meneja akaja nyumbani kwangu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. "Mzee, watu wanatuogopa. Wanasema tumefukia kitu getini."

"Mmefukia?"

"Hapana mzee! Mimi ni Mkristo."

"Basi hilo limekwisha. Nikusaidie nini?"

Akaniambia kampuni inataka kufanya ibada kubwa yadini, waalikwe wenye magari wote na majirani, niombee yadi na magari yote kwa pamoja. Kwamba mtu aliyefiwa na mke ndani ya gari lao akija kuomba, watu wataamini. Hakulisema hilo la mwisho kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayezama anavyotaja kamba.

"Niombe nini?" nikamwuliza.

"Ulinzi wa Mungu."

"Dhidi ya nini?"

Nikamweleza utaratibu wetu. Kanisani kwetu, anayetaka kuombewa katika shida husimama mbele ya wazee na kulitaja jambo lake kwa kinywa chake. Mgonjwa anasema anaumwa wapi. Waliogombana wanasema waligombania nini. Waliotutangulia waliliweka hilo kwa sababu waliona watu wakija na machozi mengi wakitaka baraka juu ya kitu walichokificha. Hatuombei jambo lisilotajwa.

"Nitakuja," nikamwambia, "tena bila kinyongo. Simama mbele ya watu ulitaje, mwanangu akiwepo. Kisha nitaomba."

Aliangalia viatu vyake. "Mzee, sina ruhusa. Wakubwa wa Dar ndio wenye kusema."

"Basi waje wakubwa wa Dar."

"Hawawezi kuja kwa jambo kama hili."

"Jambo gani?"

Akainuka, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Alisimama muda mrefu nje kabla sijamsikia akiwasha gari lake.

Niliwaza sana juu ya neno lile, wakubwa wa Dar. Mtu akikosa, unamwona, unamwita kwa jina, anainama. Kampuni ina milango mingi, na kila mlango ukibisha unaelekezwa mlango mwingine. Haina magoti ya kupiga. Magoti wanayo watu walio ndani yake, na kila mmoja anasubiri mwenzake apige kwanza.

Jumapili moja nilimwona meneja kanisani kwetu, amekuja kutoka Tunduma bila kuniarifu. Nilidhani amekuja kunibembeleza. Ibada ilipokwisha alinifuata nje, macho mekundu. "Nilikaa benchi moja na kijana wako," alisema. "Benchi zima tulikuwa wawili. Watu wanakuja, wanamwona, wanakwenda kukaa mbele." Akanishika mkono. "Mzee, njoo yadini Jumamosi. Njoo naye."

Kumshawishi mwanangu aje hakukuwa rahisi. "Nikafanye nini kule, baba? Nikaonyeshwe watu?" Nikamwambia sijui tutasikia nini, ila naomba anisindikize kwa sababu magoti yangu hayaaminiki. Alikubali kwa ajili ya magoti. Hakutaka basi, wala mimi sikumlazimisha. Tulipanda bajaji moja baada ya nyingine, yeye akiwa ameshika chuma cha pembeni kwa nguvu njia nzima.

Yadini palijaa. Walikuwepo wenye magari, wabadilisha fedha wa mpakani, na vijana wa bodaboda waliokuja kuona mchawi akiumbuliwa. Mama mmoja anayeleta vitunguu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekaa juu ya kirikuu chake mwenyewe kama malkia. Mwanangu alipopita alisikia mtu akinong'ona, "Ndiye yule." Alitaka kurudi. Nikaushika mkono wake ule uliopona vibaya.

Meneja alianza kwa hotuba ya biashara. Karibuni wateja wetu, kampuni yenu inawajali. Nikainua mkono. "Kijana wangu, sijaja kuombea biashara. Taja."

Lori liliunguruma barabarani, likapita.

"Kuna paipu," akasema. Akaanza tena. "Kuna paipu ya mafuta ya breki. Katika magari haya imepitishwa karibu mno na chuma cha chini, inasuguana nacho. Gari likibeba mzigo kwenye barabara mbovu, paipu inalika. Inaanza kuvuja kidogo kidogo, halafu siku moja inapasuka. Kiwandani walishaligundua. Tuliambiwa gari likirudi kwa matengenezo, badilisheni paipu kimya kimya. Lisiporudi, nyamazeni. Na sisi huku paipu mpya zilikuwa hazijatufikia."

Kwa muda hakuna aliyeelewa, maana walikuja kusikia habari za uchawi. Kisha mama wa vitunguu akaruka chini kutoka kwenye gari lake kama limeshika moto.

"Wewe! Mimi asubuhi nabeba watoto wa shule humu! Watoto wa watu!"

"Najua, mama."

"Unajua? Ulikuwa unajua, ukanipungia mkono barabarani kila siku?"

Kelele zikapanda. Mtu akamvuta meneja shati, likachanika. Vijana wa bodaboda, waliokuja kucheka, ndio waliosogea wakasimama kati yake na watu. Mwanangu akapenya, watu wakampisha, kwa woga au kwa aibu, sijui. Alisimama mbele ya meneja, na kelele zikashuka.

"Mlijua lini?"

"Kabla ya msiba wenu."

"Siku niliyoleta gari hapa?"

Meneja angeweza kusema hapana. Hapakuwa na mtu wa kumpinga. "Nilikuwa najua," akasema.

"Ukaniambia nitazoea."

"Nilikuambia utazoea."

Nilidhani atampiga. Labda mimi mwenyewe, pamoja na uzee wangu na ibada zangu, nilitaka ampige. Hakumpiga. Alikaa chini pale pale kwenye kokoto, akaweka kichwa magotini, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakulia makaburini.

Nilikuwa nimeahidi kuomba, nikaomba. Sikuombea magari. Nilitaja jina la mke wangu. Nikawataja wote wanaopanda magari yale bila kujua, na wakubwa ambao sijui sura zao, na kijana yule mwenye shati lililochanika. Niliomba kwa ufupi sana, na kila sentensi ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Nilipofumbua macho mwanangu hakuwa kwenye kokoto.

Nikamwuliza mama wa vitunguu. "Amepanda bodaboda, mzee. Ameniuliza kama yule mfugaji wa Momba amekuja. Nikamwambia hakuja, simu yake haipatikani. Akaondoka."

Nilimkumbuka mfugaji huyo. Alichukua gari lake siku moja na sisi, yeye na ndugu zake waliokuja na ng'ombe zamani kutoka kaskazini wakakaa bondeni. Kutoka Tunduma hadi kwake ni mbali, na barabara ni mashimo matupu.

Kampuni ilikuja kutuma ujumbe kwenye simu za wateja baadaye, ikiwaita walete magari kwa ajili ya maboresho ya kawaida. Ndivyo walivyoandika: maboresho. Mwanangu hakutajwa, mke wangu hakutajwa. Meneja aliondolewa yadini, na nasikia yupo kwao akilima. Nimemwombea mara nyingi. Kumsamehe nimemsamehe, ingawa kuna asubuhi inanilazimu kuanza upya.

Lakini siku ile sikuwa najua lolote la hayo. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikasubiri. Mwanangu alirudi kesho yake alasiri, vumbi hadi kwenye kope. Aliingia nyumba kubwa, siyo chumba cha nje, akanawa, akakaa mezani. Nikampakulia ugali na maharage, maana tangu msiba nimejifunza kupika.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta anapakia mbuzi, anakwenda mnadani na wake zake wawili na watoto. Tumeshusha wote. Tumelala chini ya gari na tochi, paipu imeshaanza kulowa."

Alikula kidogo.

"Alikuuliza chochote?"

"Wale watu hawazungushi maneno, baba. Kabla hata sijamaliza salamu ameniuliza, 'Wewe si ndiye uliyemuua mama yako na gari?'"

Nikaacha kutafuna. "Ukamjibu nini?"

Alimega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Nilimwambia hapana," akasema. "Nikamwambia azime gari kwanza, nitamweleza."